Uliza Fundi: Kidonge kinacheza ndani ya mtutu

Mwezi huu barua za peintiboli zimejaa, sijui nani kawachokoza. Waliouliza habari za jenereta na ile friji inayotoa maji chini wanivumilie, nitawajibu toleo lijalo.

Kwa ambaye hajawahi kuuona huu mchezo, watu wanavaa barakoa, wanagawana timu, wanarushiana vidonge vya rangi kwa bunduki ya hewa, kikikupasukia umetoka nje. Hiyo bunduki wenyewe wanaiita maka, kitu cha kuwekea alama, na jina lina asili yake maana zile za mwanzo kama Nelspot 007 ya kampuni ya Nelson zilikuwa za watu wa misitu na wafugaji kule Marekani, unapaka alama mti wa kukata au ng'ombe bila kumsogelea. Juni 1981 watu 12 wakaingia nazo kwenye msitu wa Henniker, New Hampshire, kugombea bendera na kuwindana, na aliyeshinda, Ritchie White, alikuwa mtu wa misitu na hakufyatua hata mara moja. Kwa hiyo mkiniuliza kuhusu shabaha mkumbuke kwamba bingwa wa kwanza hakuihitaji. Mimi nilikaa miaka kadhaa kwenye meza ya ufundi ya uwanja mmoja hukohuko Marekani kabla sijarudi nyumbani, kwa hiyo haya nimeyashika kwa mikono, mingine ikiwa imejaa rangi.

SWALI: Shikamoo Fundi. Niko Columbus, Ohio, nacheza na washkaji wa kazini karibu kila Jumamosi. Nimenunua maka iliyotumika, ilikuwa ya kukodisha, na mtutu wake ni uleule wa kiwandani. Kwenye kronografu (kile kipima spidi ya kidonge) refa kanigomea, nilipiga nne zikasoma 262, 285, 271, 290, na uwanja wetu mwisho ni futi 280 kwa sekunde. Nikiipunguza mpaka ile ya juu ikubalike, zile za chini zinaenda kama nazitupa kwa mkono. Mshkaji mmoja anasema dawa ni mtutu wa inchi 14 wa bei mbaya. Ninunue? (Msomaji, Columbus)

JIBU: Marahaba kaka. Usinunue kwanza, hela yako ikae mfukoni mpaka umalize kusoma.

Tuanze na namba zako. Kati ya 262 na 290 kuna futi 28, na hapo ndipo ugonjwa wako ulipo, siyo kwenye ile 290 iliyomkasirisha refa. Watu wengi wakifika kwenye kronografu wanaangalia namba moja tu ya juu, wakiruhusiwa wanaondoka, kumbe namba yenye maana kwa shabaha ni tofauti kati ya kubwa na ndogo. Nimekupigia hesabu ya karatasi, kidonge cha gramu 3 ukiulaza mtutu sawasawa na ardhi: kwenye mita 30 kile cha 280 kinakuwa kimeshuka kama mita moja, cha 262 kimeshuka zaidi ya hapo, cha 290 pungufu, na tofauti ya hao wawili inakaribia sentimita 20, juu na chini tu, kabla hata upepo haujagusa kitu. Yaani umelenga kifua, kimoja kinamgonga mtu juu ya kifua kingine kinashukia tumboni, na wewe mkono wako haujatikisika. Ukiibana tofauti ikawa futi 10, ile sentimita 20 inabaki kama 7.

Sasa kwa nini maka moja, hewa ileile, spidi inarukaruka? Sababu ziko kadhaa lakini kwa maka ya kukodisha mshukiwa wangu wa kwanza ni kidonge kutoshea vibaya kwenye mtutu. Mitutu ya kukodisha inatengenezwa mipana makusudi, mwenye uwanja hataki kushinda anasafisha rangi ndani ya maka za watoto wa bethidei, anataka peinti yoyote (ndivyo tunavyoviita vidonge vyenyewe) ipite, hata iliyovimba. Ila upana huo una gharama yake. Kidonge kinaandikwa kaliba .68, maana yake inchi 0.68, kama milimita 17.3, na hilo ni jina tu kaka, kama kiatu namba 42 kisivyolingana na namba 42 ya duka la pili. Ukipima vidonge vya kweli utakuta kimoja 0.679, kingine 0.685, kingine 0.689, na ndani ya mfuko uleule hawalingani, tena kimoja chenyewe siyo duara kamili, kina mshono pale nusu mbili zilipoungana kwa hiyo ukikipima huku ni hivi ukikigeuza ni vile. Sehemu moja ya elfu ya inchi, ambayo mafundi tunaiita elfu moja, ni kama robo ya unene wa karatasi ya kuandikia. Inaonekana ni upuuzi mpaka ukumbuke kwamba hewa haihitaji mlango, ufa unaitosha.

Kidonge kikiwa kidogo kuliko mtutu, hewa inayotakiwa kukisukuma nyingine inapenya pembeni na kukitangulia. Ingekuwa inapenya kiasi kilekile kila mara wala isingekuwa shida, ungeongeza presha kidogo ukafidia, basi. Shida ni kwamba kila kidonge kinavujisha kiasi chake, mnene kinavujisha kidogo unapata 290, mwembamba kinavujisha sana unapata 262. Halafu kuna jambo la pili ambalo watu hawalioni: kidonge kikilegea hakitulii mahali pamoja kabla ya kufyatuliwa. Kuna vile vizuizi vidogo vya mpira nyuma ya mtutu vinavyokishika kisiteleze, kwenye maka iliyotumika mara nyingi vimelika, kwa hiyo ukiinamisha maka kinajongea mbele sentimita moja, mbili, siku nyingine kinadondoka nje kabisa, unafyatua hewa tupu, unabaki unashangaa. Bolti, kile chuma kinachosukuma kidonge, ikimkuta mmoja yuko mlangoni na mwingine kashafika sebuleni, hao hawawezi kutoka na mbio sawa.

Fanya hivi. Toa hopa (kile kibakuli cha vidonge juu ya maka), piga nje kidogo uhakikishe hakuna kidonge ndani, funga sefti ya kuzuia kufyatua, halafu UFUNGUE mtutu uutoe kwenye maka, narudia utoe, sitaki kusikia mtu kaweka mdomo kwenye mtutu uliofungwa kwenye maka yenye hewa. Usafishe ukauke. Chukua kidonge kiweke upande wa nyuma unapoingilia. Kikidondoka chenyewe mpaka upande wa pili, mtutu ni mpana kwa peinti hiyo. Kikikaa pale lakini ukipuliza pumzi ya kawaida kama unapoza chai kinatoka, wamelingana. Ukipuliza mpaka mishipa ya shingo inatoka ndipo kinasogea, au hakisogei, mtutu ni mwembamba kuliko kidonge. Usipime kimoja ukaridhika, pima hata kumi kutoka sehemu tofauti za mfuko, ukivigeuzageuza mshono, maana kimoja kitakudanganya. Wewe nakubashiria vyako vitadondoka vyote kama mawe kisimani.

Vikidondoka hivyo, dawa siyo urefu wa mtutu, ni kipenyo cha ndani. Kuna mitutu inauzwa na insati, vile vibomba vyembamba vya kubadilisha vinavyoingia ndani ya mtutu mmoja, seti maarufu ya Freak iliyotoka kwa Smart Parts ilikuwa inaanzia 0.679 mpaka 0.695, unachagua kulingana na peinti ya siku hiyo. Kuna za namna hiyo za kampuni nyingine pia, na zilizotumika zinapatikana. Ungeniuliza uanze na ngapi, kama hela inatosha mtutu wenye kipenyo kimoja tu, nenda chini, kwenye 0.680 na kitu hivi, usinunue 0.690. Kwa nini chini, kuna msomaji kaniuliza hapo mbele kwa hasira kabisa, utaona jibu.

Lakini kabla ya hata hiyo, badilisha vile vizuizi vya mpira, ni hela ya soda, halafu uangalie hewa yako. Kama unatumia mtungi wa gesi ya kaboni dayoksaidi badala ya hewa ya kushindiliwa, ujue ile ndani ni kimiminika, ukipiga harakaharaka kinapoa, presha inashuka, spidi inashuka nayo, ukipumzika inapanda tena, na hapo hata mtutu wa dhahabu haukusaidii. Kwa wenye regyuleta (kifaa kinachotuliza presha ya hewa) kuna dalili moja nzuri: kama ile ya kwanza baada ya kupumzika dakika mbili ndiyo inasoma juu sana halafu zinazofuata zinatulia, ugonjwa ni regyuleta inayopandisha presha taratibu ikiwa imekaa, oringi (pete yake ya mpira) au kiti cha vali yake kimechoka. Zikirukaruka ovyo bila mpangilio, kama zako, rudi kwenye kidonge na mtutu. Na uchafu, jamani. Kidonge kimoja kikipasuka ndani kile kilichofuata kinapita kwenye utelezi na kuchukua mzunguko wa ajabu, kinakata kona. Pitisha swabu, kile kijiti cha kusafishia mtutu, kwanza ndiyo ulaumu.

Ukishabana kipenyo, rudi kwenye kronografu kabla ya mchezo, usiseme juzi nilipima. Kidonge kikibana vizuri hewa haipotei, kwa hiyo presha ileile iliyokuwa inakupa 270 inaweza kukupa 290, na refa wako nishamjua hana utani.

SWALI: Assalaam aleikum Fundi. Mimi ni wa Mombasa. Tuliagiza boksi mbili za vidonge kwa ajili ya hafla ya kampuni, hafla ikaahirishwa, zikakaa stoo miezi mitatu. Juzi tumezitoa, nyingine zina ubapa upande mmoja, nyingine zimenenepa hazipiti kwenye mtutu, zinapasukia ndani. Muuzaji anasema maka zetu mbovu. Nani mkosa? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Waaleikum salaam. Mkosa ni stoo, bwana, na bahari yenu hiyo.

Ganda la kidonge ni gelatini, ndani ni polithilini glaikoli na rangi na vikorokoro vya kuongeza uzito, kwa ufupi ni ndugu yake na vile vidonge laini vya mafuta ya samaki vya dukani, na mashine za kuvitengeneza ni za ukoo huohuo wa mashine za dawa. Umewahi kuacha kopo la vidonge vya mafuta ya samaki wazi Mombasa mwezi wa nne? Vinashikana kama halua. Gelatini inanyonya unyevu hewani, inalainika na kuvimba, kwa hiyo kile kidonge kilichotoka kiwandani na 0.684 sasa hivi hata hukijui ukubwa wake. Ule ubapa ni uzito wa vya juu kuwakandamiza vya chini miezi mitatu bila kugeuzwa. Na kidonge chenye bapa hata kikipita mtutuni hakiendi moja kwa moja, hakina tofauti na kokoto.

Kinyume chake pia kipo, na wanaocheza Nairobi msimu wa kiangazi au ndugu zetu wa Ulaya wakati wa baridi wanakijua: hewa kavu na baridi inakausha ganda, kidonge kinasinyaa kidogo na kuwa kama ganda la yai, kikibanwa tu kimekwenda. Kwa hiyo kulingana kwa kidonge na mtutu siyo kitu cha kupima mara moja ukakiandika kwenye daftari. Nimeona asubuhi peinti inabana vizuri, mchana mifuko ikiachwa wazi juani inadondoka au inakwama, peinti ileile, mtutu uleule.

Vya kwenu vilivyovimba sana sikushauri uvilazimishe, hata mwenye mtutu mpana atavipiga vikienda mrama, tena vikilainika vinakuwa kama mpira, vinamgonga mtu vinaruka bila kupasuka, mtu anabaki na jeraha na hajatoka mchezoni, ugomvi unaanzia hapo. Ujaribu hivi: kidondoshe kwenye sakafu ngumu kutoka usawa wa kichwa. Kikipasuka palepale ni kikavu sana, kikirukaruka mara tano sita kama tenisi kimeshakuwa cha kuchezea watoto. Mkiagiza tena agizeni karibu na tarehe, boksi moja huwa na vidonge 2000 kwenye mifuko minne ya 500, msifungue mfuko mpaka siku yenyewe, mviweke chumba cha ndani chenye kivuli na hewa isiyo na maji mengi, mgeuze boksi kila baada ya siku kadhaa. Siyo friji. Kuna mtu kila mwaka ananiambia kaweka kwenye friji, na kila mwaka akivitoa vinatokwa jasho kama chupa ya soda, unyevu aliokuwa anaukimbia kajitafutia mwenyewe.

Na huyo muuzaji mwambie apulize kidonge mbele yako, mtutu ukiwa mkononi. Ubishi utaisha.

SWALI: Fundi mtutu mrefu si unapiga mbali zaidi? Kama bunduki za kweli. (Msomaji, Arusha)

JIBU: Hapana mdogo wangu. Umbali unatokana na spidi inayotokea mdomoni, na spidi uwanja umeshakufungia, iwe 280 au 300, mtutu wa inchi 8 na wa inchi 16 zote zikisoma 280 vidonge vinaanguka sehemu moja. Msukumo mwingi kidonge kinaupata sentimita ishirini, thelathini za kwanza, baada ya hapo ni kusuguana tu na yale matundu ya mbele yanapunguza kelele. Mrefu una faida ya kusukuma majani na kuchungulia pembeni ya kizuizi bila kutoa kichwa. Wengi wanaishia inchi 12 mpaka 14 na wanalala usingizi.

Sehemu ya mtutu inayofanya kazi ya kubana ni ile ya nyuma, ndiyo maana mitutu ya vipande viwili kipande cha nyuma ndicho chenye kipenyo cha kuchagua na cha mbele kimetanuka kidogo. Ukiwa na hela ya kipande kimoja, weka nyuma.

SWALI: Mimi ni fundi seremala, nina venia nzuri (kile kipimo cha taya). Si nipime tu vidonge nijue namba, badala ya kupulizapuliza? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Pima, lakini usiiamini sana. Kidonge ni laini, taya za venia zikikibana kidogo tu umeshapoteza elfu mbili tatu za inchi ambazo ndizo ulikuwa unazitafuta, mbao haikufanyii hivyo. Mimi naitumia kutafuta tofauti ndani ya mfuko, nachukua kumi, kila kimoja napima mara mbili, juu ya mshono na kukatiza mshono, nikikuta peinti imetawanyika sana najua hakuna mtutu utakaoitibu, nanunua peinti nyingine. Hilo ndilo jambo wauzaji wa mitutu hawakwambii, ukiwa na hela ya kitu kimoja tu, peinti nzuri kwenye mtutu wa kawaida inaishinda peinti mbovu kwenye mtutu wa bei ya pikipiki. Kwa kuchagua kipenyo rudi kwenye pumzi, mapafu yako hayabonyezi.

SWALI: Assalaam aleikum. Niko Muscat, vijana wangu wanataka kuanza mchezo huu. Nasikia vidonge vimetengenezwa na nguruwe. Kweli? Na joto la huku haliharibu? (Mama wa watoto watatu, Muscat)

JIBU: Waaleikum salaam dada. Gelatini inatoka kwenye ngozi na mifupa ya wanyama, inaweza kuwa ya nguruwe na inaweza kuwa ya ng'ombe, inategemea kiwanda, na mara nyingi boksi halisemi. Waulize wenye uwanja peinti yao ni ya kampuni gani, kisha kampuni iandikieni, hilo ni swali la kawaida kwao. Hukumu ya kugusa na nguo za swala muulize sheikh wako, mimi ni fundi. Rangi yenyewe inatoka kwa maji, siyo kama zamani mchezo ulipoanza rangi ilikuwa ya mafuta watu wanajifuta kwa tapentaini.

Joto linaharibu, ndiyo, hasa boksi likiachwa kwenye gari. Vidonge vinalainika na kushikana, ganda likiwa laini linasuguana na mtutu vibaya na spidi inayumba. Wawahi asubuhi, au viwanja vya ndani vyenye kiyoyozi, ambavyo huwa na spidi ya chini zaidi maana watu wanapigana karibu. Barakoa isitoke usoni mpaka wametoka nje ya neti kabisa, hata kama wanasema wanasikia joto, na watasema.

SWALI: Fundi, toleo la mwezi jana ulimjibu mtu kwamba peinti ikiwa mbichi atafute mtutu mwembamba kuliko kidonge. Mimi nimecheza Toronto miaka mingi, tulifundishwa mtutu na kidonge vilingane, visizidiane, mwembamba unapasua peinti. Unawapotosha watoto. (Mchezaji wa zamani, Toronto)

JIBU: Kaka nimekuelewa, na hasira zako nazielewa kwa sababu mimi mwenyewe nilifundishwa hivyohivyo na nikawafundisha wengine miaka. Pumzi ya kupoza chai, kikitoka ndiyo chenyewe, kinachobana zaidi ya hapo tupa. Ndiyo ilikuwa sala yetu.

Kilichonibadilisha ni kronografu na boksi la peinti iliyokuwa imetawanyika ukubwa. Tulikuwa tunatafuta kipenyo cha kulingana, tukiweka insati inayolingana na vile vikubwa, vidogo vinadondoka, tukiweka inayolingana na vidogo, vikubwa vinakwama pumzi haivisogezi. Sasa unalingana na yupi? Hapo ndipo nikagundua kwamba kule "kulingana" tulikokuwa tunakutafuta kulikuwa kunamhusu kidonge mmoja tuliyemshika mkononi siku hiyo, siyo mfuko. Tukasema acha tuweke nyembamba kuliko wote tuone vitapasuka vingapi. Havikupasuka. Na namba zikatulia kuliko nilivyowahi kuona kwenye maka ile.

Ukifikiria inaeleweka. Ganda la gelatini lina kunyumbuka kidogo, kikiingia kwenye mtutu mwembamba kinabonyea na kujaza nafasi, kikubwa kinabonyea zaidi, kidogo kinabonyea kidogo, lakini wote wanatoka wamepita kwenye kipenyo kimoja na wote wameziba. Hakuna aliyevujisha. Msuguano unaongezeka, ndiyo, na hautofautiani sana kati yao kama uvujaji unavyotofautiana. Faida nyingine, kidonge hakijongei mbele hata vizuizi vikichoka, na hewa inatumika kidogo, mtungi unakufikisha mbali.

Pale ulipo sahihi, na nakubali sikulisema vizuri mwezi jana, ni peinti kavu kwenye baridi. Wewe uko Toronto, Novemba kule ganda la kidonge ni ganda la yai kweli, na ukilibana elfu nane za inchi linapasukia mlangoni, halafu ukishapasua kimoja umeshaharibu vinane vinavyofuata. Siku ya namna hiyo mimi pia napanda, naenda kwenye kipenyo cha kulingana au juu yake kidogo, nakubali spidi iyumbe kuliko kushinda napiga swabu. Peinti ikiwa mbichi na hali ya hewa ya wastani nabana, elfu mbili mpaka tano chini ya kidonge cha wastani. Na maka yenyewe ina neno: bolti inayogonga kidonge kwa nguvu, kama za zamani za kukodisha, inapasua mapema kuliko hizi mpya zinazosukuma taratibu, kwa hiyo yule kaka wa Columbus asiruke moja kwa moja kwenye 0.675.

Neno moja tu la kuongeza. Wengi wanaiita faida ya kipenyo "shabaha", mimi naiita spidi iliyotulia. Maana hata zote zikisoma 280 kamili, vidonge bado vitatawanyika, ni duara lenye majimaji ndani na mshono pembeni, hewa inakisukuma huku na huku kadiri kinavyozunguka. Kipenyo kinakutolea ule utawanyiko wa juu na chini. Wa pembeni unabaki na peinti.

SWALI: Na mtutu wenye mifereji ya kuzungusha, kama bunduki? (huyohuyo wa Arusha, kaandika tena)

JIBU: Wewe unapenda bunduki za kweli sana. Mifereji inasaidia kitu kirefu kisipinduke angani, duara halina kichwa wala mkia wa kupinduka, na majimaji ya ndani hayafuati mzunguko wa ganda haraka. Kuna risasi za First Strike zenye mapezi nyuma, hizo zina umbo la kuzunguka na kwa hizo mtutu wa mifereji una maana, lakini bei yake moja moja utailia. Kuna pia mtutu wa Flatline wa Tippmann uliopinda kidogo makusudi ili kidonge kizunguke kinyumenyume na kuelea, kidonge kinafika mbali kikienda mnyoofu, ila mtutu nao unachagua peinti kweli, ukiupa kidonge kilegevu kinatoka bila kuzunguka, kinaanguka njiani.